Bukavu: Mama Fundi aliyekataa kutuma orodha ya watoto kwa WhatsApp

Simu ya kutoka Uvira iliingia saa mbili usiku, wakati Mama Fundi anachambua mchele kwa mwanga wa tochi, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu mchana. Aliyepiga ni yaya, mfanyakazi wa jamii aliyemtangulia kazini kwa miaka mingi, na siku hiyo hakuanza kwa salamu ndefu kama desturi yake.

« Mdogo wangu, nitumie ile orodha yote kwa WhatsApp. Yote. Nimechoka kukuuliza jina moja moja. »

Mama Fundi alijibu kwamba haiwezekani. Upande wa pili kukawa kimya. Halafu yaya akamwambia kwamba kuna mama ameketi mbele yake tangu asubuhi, hajala kitu, anatafuta mtoto wake wa kiume wa miaka saba, na huko Bukavu watu wanamletea habari za mashini. Simu ikakatwa. Haikujulikana kama ni inite zilizoisha au ni hasira.

Ilikuwa mwezi wa tatu 2025. Majuma machache nyuma, katikati ya mwezi wa pili, wapiganaji wa M23 walikuwa wameingia Bukavu, na shirika dogo ambalo Mama Fundi analitumikia likatawanyika kama jamaa nyingine zote za mji. Yaya alishuka Uvira. Papa mhasibu alivuka mto Ruzizi na watoto wake, akafika Burundi, kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo pamoja na maelfu ya watu wengine. Mwingine alipanda mtumbwi wa injini hadi Kalemie. Kwenye biro ya Bukavu walibaki watu wawili: Mama Fundi, anayeshughulikia kompyuta, na mzee mlinzi wa usiku. Na ilibaki seva, yaani kompyuta moja kubwa ya zamani chini ya meza, iliyofunikwa kitambaa kwa ajili ya vumbi. Ndani yake mnaandikwa watoto waliotengana na wazazi wao: jina la mtoto, jina la mama, kijiji walikotoka, na jamaa inayomtunza kwa sasa.

Kwa sheria ya shirika, fundi hasomi mafaili ya watoto. Kazi yake ni kuhakikisha mashini zinawaka. Wanaoyasoma ni wafanyakazi wa jamii, na hao wote walikuwa mbali. Kwa hiyo katika siku za kwanza ilibidi sheria ivunjwe. Wenzake walipiga simu, yeye alifungua faili, akasoma kwa sauti majina ya watoto na mitaa wanamolala, kwenye laini ya kawaida, huku jirani wa dukani akisikia.

Siku moja alikosea. Kulikuwa na watoto wawili wenye jina moja, umri wa kukaribiana. Mwenye kuijua kazi angeuliza jina la mama na la bibi kabla ya kusema lolote. Yeye alisoma faili la kwanza lililojitokeza. Mjomba wa mtoto alipanda mpaka Kadutu kwa mguu, akagonga mlango wa watu, akaonyeshwa mtoto ambaye hakuwa wake. Mtoto yule naye alikuwa ametoka mbio akidhani baba yake amekuja. Mama Fundi alisimuliwa hayo na mwenye nyumba, kwa upole, na hilo ndilo lililomkosesha usingizi zaidi kuliko risasi za usiku.

Basi alipomkatalia yaya hakuwa anatetea kanuni za kitabu. Alikuwa amekwisha kuona kwamba orodha ile haifai kusomwa na mtu asiyeijua. Na alijua pia kwamba ikitumwa kwa WhatsApp itakaa katika kila simu itakayoipokea, na simu za wakati huo zilikuwa zinapita kwenye vizuizi vya barabarani mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewachagua. Ujumbe wa WhatsApp wenyewe husafiri umefungwa, hilo ni kweli. Lakini ukishafika, faili linabaki kwenye simu, linaweza kupelekwa kwa mwingine kwa kugusa mara mbili, na hakuna wa kulirudisha.

Njia aliyoifikiria ni kumfungulia yaya mlango wa kuingia kwenye seva akiwa kulekule Uvira. Asome faili moja analolihitaji, orodha yenyewe ikibaki Bukavu. Hiyo ndiyo kazi ya VPN.

Neno hilo watu wengi wa kwetu wanalijua kwa upande mwingine. Mwanzoni mwa mwezi wa pili 2025, mtandao wa X ulipozuiwa nchini, vijana walipakua VPN za bure ili waendelee kuufungua. Zile zinapitisha mambo yako kwa seva ya kampuni usiyoijua, kisha zinakutoa upande wa pili wa dunia. VPN ya biro ni undugu wa mbali na hizo. Yenyewe inanyoosha njia iliyofungwa kwa kufuli kutoka simu ya mfanyakazi hadi ndani ya nyumba ya kazi, basi, kana kwamba amechomeka waya wake ukutani pale pale. Mafundi wanaiita handaki, neno ambalo kwa watu waliokimbia lina harufu nyingine, lakini ndilo lililopo. Na hata hilo handaki linahitaji intaneti ya kupitia. Wanaokumbuka majuma yale baada ya uchaguzi wa tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2018, intaneti ilipokatwa nchi nzima hadi kuelekea mwisho wa mwezi wa kwanza, wanajua kwamba mtandao ukizimwa kabisa hakuna VPN ya kumsaidia mtu.

Mbele ya seva ile kulikuwa na kompyuta nyingine ndogo, yenye matundu mawili ya waya. Waya mmoja unatoka kwenye modemu ya intaneti, mwingine unaingia ndani ya biro. Hiyo ndiyo fayawoli, ambayo mafundi wa kwetu huiita parefe kwa kufuata Kifaransa. Mama Fundi alikuwa ameiwekea OPNsense, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2015. Kazi yake ni ya mlinzi wa mlangoni: kila pakiti ya data inayokuja anaiuliza inatoka wapi na inaenda wapi, na isiyo na ruhusa inarudishwa au inaachwa nje bila jibu.

Kijana mmoja wa mtaani, mjuzi wa kompyuta, alimshauri afanye njia ya mkato: atoboe tundu kwenye parefe ili skrini ya seva ifunguke moja kwa moja kutoka nje, kwa neno la siri tu. Dakika kumi, kazi imekwisha. Mama Fundi alishawahi kuona katika kazi ya zamani kile kinachofuata. Tundu la namna hiyo likiwa wazi, kabla ya kupambazuka daftari la parefe linajaa majaribio kutoka nchi ambazo hujawahi kuzitaja, mashini zinazozunguka usiku kucha zikijaribu neno la siri moja baada ya jingine. Hazimtafuti mtu fulani. Zinajaribu kila kitasa cha mtaa.

Alichagua WireGuard, iliyoandikwa na Jason Donenfeld na kuingizwa katika kiini cha Linux mwezi wa tatu 2020. Aliipendea mambo mawili. Ni nyepesi, hata simu ya bei ya chini inaibeba bila kumaliza betri. Na ni kimya: pakiti isiyokuwa na ufunguo unaojulikana haijibiwi neno lolote, hata lile la « ondoka ». Anayegonga kutoka nje hawezi hata kujua kama kuna mlango.

Alianza jioni ya Jumatano akitumaini kumaliza Alhamisi. Ilimchukua siku kumi na moja.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa adresi. Ili simu ya Uvira iweze kuita biro ya Bukavu, lazima biro iwe na adresi ambayo dunia inaiona. Alipotazama kwenye modemu, adresi aliyopewa ilianza na 100.72. Alipouliza mtandao wa nje unamwona kwa adresi gani, akapata nyingine kabisa. Wenye kazi hiyo wanaelewa mara moja. Adresi za aina ya zamani ya intaneti zimekuwa chache duniani, kwa hiyo kampuni za simu zinawaweka wateja wengi nyuma ya adresi moja, na zinawagawia ndani namba za kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ni kama kiwanja kikubwa chenye nyumba mia na geti moja: wewe unaweza kutoka na kuita mtu wa nje, lakini mtu wa nje akifika getini na kusema jina la nyumba yako, mlinzi hamjui.

Dawa yake ni kukutana nje. Ukikodi seva ndogo mahali penye adresi ya wazi, biro inatoka na kuipigia, simu ya Uvira nayo inaipigia, na seva ile inawaunganisha. Bei ilikuwa dola tano hivi kwa mwezi. Lakini kuilipa? Benki za mji zilikuwa zimefunga, na kadi ya shirika haikuwa na kitu. Binamu aliyeko Ubelgiji ndiye aliyelipa kwa kadi yake, baada ya kuuliza mara tatu kama kweli hii si biashara ya ulaghai.

Hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka, na yeye hakulipita. Katika mpango huo, seva ya kukodi inafungua kufuli la mkono wa kwanza na kufunga tena kwa mkono wa pili. Mwenye kuishika seva hiyo angeweza kuchungulia katikati. Kwa hiyo alihakikisha kwamba ukurasa wa mafaili wenyewe una kufuli lake la pili, HTTPS, kutoka simu ya yaya hadi kompyuta ya chini ya meza, na kila mtu ana jina na neno lake la siri la kuingilia. Seva ya kukodi ikabaki kama motari anayebeba bahasha iliyofungwa. Anajua anatoka kwa nani kwenda kwa nani, haijui barua.

Zikafuata funguo. Katika WireGuard kila simu ina funguo mbili zinazoendana: mmoja wa siri, unaobaki ndani ya simu, na mmoja wa wazi, herufi 44 zinazomalizikia kwa alama ya =, ambao unaweza kumpa mtu yeyote. Mafundi wenye haraka wanatengeneza zote mbili kwenye seva, wanazigeuza kuwa ile picha ya madoa meusi na meupe, na kuituma kwa WhatsApp ili mtu aipige foto. Inafanya kazi vizuri sana. Lakini ufunguo wa siri unakuwa umesafiri, na picha inabaki kwenye mazungumzo. Mama Fundi aliwataka wenzake waanzishe funguo ndani ya simu zao wenyewe na kumtumia ule wa wazi tu kwa ujumbe wa kawaida. Kisha alimpigia kila mmoja na kumwomba amsomee herufi sita za mwisho kwa sauti yake, ili ajue kwamba ujumbe umetoka kwake na si kwa mtu aliyeokota simu.

Papa mhasibu, aliyekuwa amesimama kwenye mstari wa maji kule Rugombo, alisoma herufi zake kama mtu anayesoma hati ya mahakama. « K kubwa. Saba. Z ndogo. Msalaba. » Alama ya + aliiita msalaba. Watu wa mstarini walimtazama.

Ikaja siku alama ya kusalimiana ikaonekana, yaani simu ya yaya na seva ya kukodi zilitambuana, na biro pia ikatambuliwa. Yaya akabonyeza ukurasa. Haukufunguka. « Mdogo wangu, haipite. » Kila kitu kilikuwa kimeunganishwa na hakuna kilichopita. Usiku wa kwanza Mama Fundi aligundua kwamba seva ya kukodi haikuwa imeambiwa ipitishe pakiti za mkono mmoja kwenda mwingine, mstari mmoja tu wa maandishi. Akauweka. Bado. Usiku wa pili akakumbuka parefe ya biro. Mlango mpya ukiongezwa kwenye OPNsense, huja umefungwa kabisa, mpaka mtu aandike ruhusa kwa mkono wake.

Saa sita za usiku, macho yakimuuma, aliandika ruhusa ya kupitisha kila kitu kutoka kila mahali kwenda kila mahali. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Yaya akapiga kelele za furaha mpaka akaamsha nyumba aliyopokelewa.

Ruhusa hiyo iliishi saa saba. Asubuhi, kabla ya chai, Mama Fundi aliifuta, akaandika nyingine nyembamba: simu ya yaya inaruhusiwa kufika kwenye seva ya mafaili, kwenye ukurasa ule tu, tundu namba 443. Haifiki kwenye kompyuta ya hesabu, wala kamera ya mlangoni, wala parefe yenyewe. Papa mhasibu alipewa kompyuta ya hesabu na hakupewa mafaili ya watoto. Alilalamika kidogo, yeye ni mkubwa kazini na anapenda kuona kila kitu. Lakini hata kabla ya vita chumba kile hakikuwa na ufunguo mfukoni mwake, na vita havikumpa sababu mpya ya kuupata.

Mengine yalikuwa madogo lakini yalikula siku. Mwenzao mmoja aliyehamia Bujumbura aliunganishwa kwenye duka la intaneti ambalo mtandao wake ulitumia namba 192.168.1, zilezile za biro ya Bukavu. Mashini yake ilipotafuta seva, iliitafuta humo humo dukani na haikutoka nje. Ruta nyingi zinatoka kiwandani na namba hizo au za kufanana nazo, kwa hiyo lingerudi tu mahali pengine. Jumamosi nzima Mama Fundi alihamisha biro yote kwenye namba za 10.47, kifaa kimoja kimoja, mzee mlinzi akimshikia tochi chini ya meza. Printa ilipotea katika kuhama huko. Yaani ipo mezani, inawaka, lakini hakuna kompyuta inayoiona.

Halafu ikawa kwamba mega za Papa mhasibu zinaisha ndani ya saa moja. Alidhani VPN inamla inite. Ukweli ni kwamba simu yake ilikuwa imeandikiwa ipitishe kila kitu ndani ya handaki, na wanawe walikuwa wanaazima simu hiyo kutazama video, ambazo sasa zilizunguka hadi seva ya kukodi kabla ya kumfikia. Mstari ukabadilishwa: ni adresi za biro tu zinazopita humo, mengine yaende njia yake ya kawaida. Hilo halipunguzi sana mega zinazoliwa na video zenyewe, ila linaziondolea mzunguko usio wa lazima. Pia kurasa ndefu zilikuwa zinaganda nusu kwenye laini ya Uvira, mpaka alipopunguza ukubwa wa pakiti kutoka 1420 hadi 1280. Na kwa vile seva inategemea betri na paneli moja ya jua, walipatana saa za kazi: saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Nje ya hapo mlango umelala.

Mwezi wa tano, kijana wa takwimu alikuwa njiani kushuka kwenda Kamanyola. Watu wenye silaha walisimamisha gari, wakachukua simu za abiria. Jioni alimpigia Mama Fundi kwa simu ya kuazima, sauti ikitetemeka, na kabla hajasema yeye mwenyewe yuko wapi akasema, « Mama, simu yangu ilikuwa na ule ufunguo. »

Kuufuta ufunguo mmoja kulichukua muda mfupi kuliko kumtuliza. Hakukuwa na neno la siri la kubadilisha kwa watu wote, wala hakuna aliyezimiwa kazi. Jina la simu ile liliondolewa kwenye seva ya kukodi, na tangu dakika hiyo ilikuwa inagonga ukuta usiojibu. Kisha akatazama mara ya mwisho simu hiyo ilipotambuliwa: jana yake, saa tano na nusu asubuhi, muda wa kazi. Tangu ilipochukuliwa hakuna aliyekuwa ameingia.

Akapumua. Ndipo kijana akaongeza, taratibu, kwamba kulikuwa na foto. Siku iliyotangulia alikuwa ameipiga picha skrini, ukurasa mmoja, ili asilazimike kufungua tena akiwa mahali pasipo mtandao. Jamaa kumi na moja, majina na mitaa.

VPN haina la kufanya na foto iliyomo ndani ya simu. Wala parefe. Mama Fundi anasema alikaa kwenye ngazi za biro mpaka giza likaingia, akihesabu mambo yote aliyoyafunga kwa siku kumi na moja, na hakuna hata moja lililogusa kidole cha mtu anayebonyeza vitufe viwili kwa sababu mega zimemwishia. Kijana hakuwa mzembe. Alitaka kufanya kazi.

Yaya ndiye aliyeamua: jamaa zote kumi na moja zijulishwe. Baadhi ya wenzake waliona ni kuwatisha watu bure, simu pengine imeshauzwa sokoni na kufutwa. Yaya akawajibu kwamba majina si ya shirika. Walipiga simu siku mbili. Jamaa tisa zilipatikana. Wengine walishukuru, mmoja alitukana, na bibi mmoja alihamisha mtoto usiku huohuo kwenda kwa dada yake bila kusema wapi. Namba mbili hazikupita, na mpaka leo hazijapita. Mzee mlinzi, anayewajua watu wa mitaa mingi, alitumwa kuulizia. Nyumba ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili, watu walisema wamekwenda.

Baada ya hapo ukurasa ulibadilishwa. Sasa jina la mtoto na mahali anapolala havionekani tena kwenye skrini moja. Ni lazima kubonyeza mara mbili, na kila kubonyeza kunaandikwa kwenye daftari: nani, saa ngapi. Wafanyakazi wanasema inachosha. Jamaa zilizohama zinaandikishwa kila siku, kwenye daftari, kwenye fomu, kwenye simu za watu wenye jaketi za rangi mbalimbali, na ni mara chache mtu anapewa nafasi ya kuuliza: jina langu linakwenda kulala wapi, na nani anaweza kulifungua? Katika shirika hili, tangu mwezi wa tano, anayeandikisha analazimika kujibu swali hilo hata kama halikuulizwa. Mashirika mengine yanaweza kufanya vivyo hivyo bila kununua kitu.

Na yule mama wa Uvira? Kwenye parefe Mama Fundi huona mistari tu. Asubuhi moja ya mwezi wa nne aliona simu ya yaya imeingia saa nne na dakika kumi na nne, tundu 443, ikakaa dakika ishirini, ikatoka. Hakujua ni faili gani lililosomwa, na haikuwa kazi yake kujua. Alikunywa chai yake.

Siku tatu baadaye yaya alipiga. Safari hii alianza kwa salamu: wa nyumbani, watoto, mzee mlinzi na mguu wake, hali ya mji. Kisha akaeleza. Wale watoto wawili wa jina moja, aliwafungua wote wawili akiwa ameketi na mama yule, akamuuliza jina la bibi mzaa baba, akamuuliza kuhusu alama ya moto kwenye mkono. Alikuwa wa pili, yule ambaye faili lake Mama Fundi hakulifikia siku ile. Yuko Bukavu, kwa mwalimu mmoja mstaafu, anakula, anacheza. Mama na mwana walizungumza kwa simu ya mwalimu. Mtoto aliuliza kama mbuzi wao alikimbia pia.

« Aksanti sana, mdogo wangu, » yaya akasema. « Na ile siku nilikukatia simu, inite ziliisha. »

« Nilijua, yaya. »

« Hukujua. » Akacheka. « Sasa sikiliza. Nahitaji karatasi ya mtoto itoke hapo Bukavu, igongwe muhuri, mwalimu aisaini. Unaweza kuiprinti leo? »

Mama Fundi aligeuka kuitazama printa pale mezani, taa yake ya kijani ikiwaka, na kumwomba yaya ampe mpaka kesho.